Kujisikia Nafuu na Kupona: Moyo wa Baridi Yabisi na Maswali ya Imani Ulyankulu

Ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, baada ya kupambana na vimelea vya kooni, huugeukia moyo wenyewe na kuutia mchochota. Huanzia utotoni, hasa kati ya miaka 5 na 15. Mtoto hupata mafindofindo yanayoletwa na bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A, koo linapona, na wiki mbili au tatu baadaye viungo vikubwa vinaanza kuvimba kwa zamu: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Maumivu hayo nayo hupita. Kinachobaki kimejificha kifuani. Mchochota unaweza kushika tabaka zote tatu za moyo, yaani mfuko unaoufunika, misuli yake na utando wa ndani, lakini kovu la kudumu huachwa kwenye milango ya moyo, hasa ule ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto. Mlango huo hukakamaa, ukashindwa kufunguka sawasawa au kufungika. Miaka inapita, kisha kijana anaanza kuhema akibeba ndoo ya maji, miguu inamvimba, na usiku anaamka akitafuta pumzi.

Watu zaidi ya milioni 40 duniani wanaishi na ugonjwa huu, wengi wao Afrika, Asia ya Kusini na visiwa vya Pasifiki. Katika Afrika Mashariki ndiyo sura ya kawaida zaidi ya moyo kuvimbishwa na kinga ya mwili. Lupasi na magonjwa mengine ya jamii hiyo yapo, lakini hayazijazi wodi za moyo kwa vijana kama baridi yabisi. Ulyankulu, katika wilaya ya Kaliua mkoani Tabora, ugonjwa huu hukutana na watu wa dini. Humo mnaishi Wanyamwezi na Wasukuma, na familia za Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wakaleta Ukatoliki na Uprotestanti wao. Kwaya ya Barabara ya 13, iliyochukua jina lake kwenye barabara za makazi hayo zilizopewa namba, inasikilizwa mbali sana nje ya Tabora. Tabora yenyewe ni mji wa zamani wa misafara na wa Uislamu wa bara. Mahali kama hapo mgonjwa hatibiwi na daktari peke yake. Anaombewa, anasomewa dua, anaulizwa amemkosea nani. Maswali hayo yana uzito wake, na tabia ya ugonjwa huu huyafanya yawe magumu kuliko yanavyoonekana.

La kwanza ni swali la adui. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alishikilia kwamba mwili umewekewa kizuizi cha asili kisichouruhusu kujidhuru kwa silaha zake wenyewe. Wazo hilo lilitawala kwa nusu karne hivi, mpaka majaribio ya miaka ya 1950 yalipoonyesha wazi kwamba kinga inaweza kushambulia viungo vya mwenyewe. Katika baridi yabisi sababu ni kufanana: protini iitwayo M iliyo juu ya bakteria inafanana kwa sehemu na myosini, protini ya misuli ya moyo. Ni kama mlinzi wa usiku aliyepigana na mwizi mwenye kanzu nyeupe, kisha alfajiri akampiga mwenye nyumba anayetoka kwenda msikitini kwa kuwa naye amevaa kanzu nyeupe. Mlinzi huyo hakuhongwa wala hakuasi. Alifanya kazi aliyowekewa, kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyoharibu.

Methali ya Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mwili wa mgonjwa huyu ni kweli tupu. Lakini methali hiyo hiyo ikitolewa mwilini ikapelekwa ukooni, inakuwa hatari, kwa sababu huko hugeuka kidole kinachomwonyesha shangazi, mke mwenza au jirani. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika fikra za jadi baya halitokei hivi hivi. Nyuma yake kuna mwenye kulileta, awe mtu au roho. Unyamwezini mfumu ndiye aliyetafuta huyo mwenye kuleta, mara nyingi kwa kumpasua kuku na kusoma alama za ndani. Kazi yake ilikuwa kuliweka jambo la mgonjwa katika mahusiano yake: mizimu iliyosahauliwa, deni lisilolipwa, ugomvi ulioachwa bila suluhu. Hilo si jambo la kudharau, maana wagonjwa wengi wanahitaji kweli kupatanishwa na watu wao. Tatizo huanza pale upatanisho unapotafutiwa mchawi.

Njia nyingine za uponyaji zimepita hapa kwa muda mrefu. Mwaka 1879 tabibu Ebenezer Southon wa Shirika la Misheni la London alifika kwa mtemi Mirambo huko Urambo, na mwaka 1898 kazi ya misheni hiyo ikachukuliwa na Wamoraviani. Kwa hiyo mfumu, mwalimu wa dua, mchungaji na tabibu wamekuwa majirani katika nchi hii kwa vizazi kadhaa, na mgonjwa amezoea kupita kwao wote. Hakuna ubaya katika kupita huko. Linaloleta madhara ni jibu moja kuziba njia ya jibu lingine.

Mfano mkali zaidi ni mitikisiko. Watoto wengine wenye baridi yabisi, wasichana zaidi ya wavulana, hupata hali aliyoieleza tabibu Mwingereza Thomas Sydenham mwaka 1686: mikono na uso hurukaruka bila hiari, hatua zinayumba, kikombe kinamponyoka mtoto mkononi, na tabia hubadilika hata akalia bila sababu. Ni kinga ile ile, safari hii imefika sehemu ya ubongo inayotawala miendo. Kwa jicho la kawaida hilo ni pepo, na katika nchi yenye mapokeo ya Baswezi, chama cha jadi cha kupandwa na mizimu, na yenye makanisa yanayokemea mapepo, mtoto huyo ana njia ya haraka ya kupelekwa mbele ya watu kukemewa. Mitikisiko hiyo kwa kawaida hutulia yenyewe baada ya wiki au miezi. Aliyekemea ataamini ameshinda, na mtoto atarudi nyumbani na moyo ambao hakuna aliyeusikiliza. Mchungaji au shehe anayejua jambo hili moja tu, kwamba mtoto wa mitikisiko apimwe moyo, anaweza kuuokoa mlango wa moyo kabla haujakakamaa, bila kuacha hata sala moja.

Swali la pili ni la hatia. Je, ugonjwa ni malipo ya dhambi? Kitabu cha Ayubu kilikwisha kuwakatalia marafiki waliotaka mateso yawe hesabu ya makosa, na katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana wanafunzi wanaouliza nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake, hawapewi mkosaji waliyemtaka. Katika Uislamu mtoto asiyebaleghe hana dhambi ya kuandikiwa. Ukiweka mafundisho haya mbele ya ugonjwa unaoanza kwenye umri wa miaka 5, hoja ya adhabu haina pa kusimama. Hata hivyo hatia hurudi kwa mlango wa nyuma, kwa mama. Yeye ndiye anayejiuliza kwa nini alilipuuza lile koo. Jibu la haki kwake ni kwamba maumivu ya koo ni ya kila siku, kwamba hata katika milipuko ni sehemu ndogo tu ya watoto wasiotibiwa, hadi kama 3 katika 100, wanaopata homa hii, na kwamba wagonjwa wengi wa moyo hawakumbuki kuumwa koo kabisa.

Hata hivyo swali la nani lina ukweli wake, na wanaolicheka wanakosea. Limekosewa kuelekezwa tu. Vifo vya baridi yabisi vilianza kushuka nchini Denmark na katika nchi nyingine za Ulaya kabla penisilini haijaanza kutumika, kadiri nyumba zilivyopanuka na msongamano ulivyopungua, kwa sababu streptokoka hupita kutoka koo hadi koo pale watoto wanapolala wengi chumba kimoja. Historia ya Ulyankulu ni historia ya watu waliosukumwa mahali pamoja. Makazi yalifunguliwa 1972. Baada ya miaka michache maji na ardhi havikuwatosha, na mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu ya wakazi wakahamishiwa kwenye makazi mengine, Mishamo. Watu walioishi miongo kadhaa bila uraia, hadi Tanzania ilipowakubali Warundi wa 1972 wapatao 162,000 mwaka 2010, hawakuwa na uhuru mkubwa wa kuchagua wajenge wapi na vyumba vingapi. Kwa hiyo anayeuliza nani amemfanyia mtoto huyu aanzie kwenye chumba anacholala, na kwenye zahanati iliyo karibu au isiyokuwapo.

Swali la tatu ndilo zito zaidi, na ndilo linalohusu imani kwa undani: kupona ni nini? Baridi yabisi ina desturi ya kuondoka. Viungo huacha kuuma, homa inashuka, mtoto anarudi shuleni na kwaya. Ikiwa aliombewa katika wiki hizo, wazazi watasimama kanisani kutoa ushuhuda, na hawatakuwa wamesema uongo. Mtoto kweli anajisikia vizuri. Aliyepata koo la pili la streptokoka baada ya hapo, hata hivyo, ana hatari kubwa ya kuvimba moyo upya, na kila mara mlango unazidi kuharibika. Nafuu ni habari ya hisia. Kupona ni habari ya mlango wa moyo, ambao haumhisishi mtu kitu mpaka umekwisha kuharibika sana.

Utafiti uliofanywa Uganda na kutangazwa 2021 unaonyesha ugumu huu kwa uwazi usio wa kawaida. Ulihusu watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17 waliogunduliwa kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa, bila wenyewe kujua kwamba wanaumwa. Nusu walipewa sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki nne, nusu hawakupewa. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa 3 tu kati ya 399 waliodungwa, na kwa 33 kati ya 400 wasiodungwa. Tofauti hiyo inatosha kuamua juu ya sindano. Lakini hesabu ya upande wa pili nayo inafundisha: kati ya wale wasiodungwa, 367 hawakuzidiwa katika miaka hiyo miwili. Kila mmoja wao angeweza kusimama na kusema kwa ukweli kwamba hakupata sindano hata moja na yuko salama. Shuhuda 367 za kweli zingejaza Jumapili nyingi, na zisingemsaidia hata mmoja wa wale 33. Hapa ndipo hoja ya ushuhuda inapofikia mpaka wake. Ushuhuda humtaja Mungu na mtu mmoja, na katika hilo una heshima yake. Hauwezi kuwa kipimo cha mwingine achomwe sindano au aache.

Imani yenyewe haidai hivyo. Isaya alimletea mfalme Hezekia ahadi ya kupona, kisha akaagiza tini zipondwe ziwekwe kwenye jipu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, kilicho katika Biblia ya Wakatoliki, kinaifungua sura yake ya 38 kwa kumheshimu tabibu na dawa itokayo ardhini. Waislamu wanafundishwa kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake, na habari ya bedui na ngamia wake inajulikana hata kwa watoto wa madrasa: tawakali huja baada ya kufunga kamba. Basi mtu anayechomwa sindano hajapunguza tawakali yake. Ugumu ni kwamba kamba hii hufungwa upya kila mwezi, kwa miaka. Aliyepata homa bila moyo kuguswa hudungwa walau miaka 5 au mpaka afike 21, chochote kitakachochelewa zaidi. Aliyevimba moyo akapona milango, miaka 10 au mpaka 21. Aliyebaki na mlango mbovu, miaka 10 au mpaka 40, na wengine maisha yote. Dawa ni nzito, huingizwa ndani ya msuli, inauma kwa siku kadhaa. Mtoto anadungwa akiwa mzima, ili kesho aendelee kuwa mzima, na hakuna siku hata moja atakayoona faida kwa macho yake. Ni vigumu kupata tendo la imani lililo tupu zaidi ya hilo.

Hofu ya sindano nayo ina chanzo chake. Kuna wagonjwa waliofariki muda mfupi baada ya kudungwa, na habari za namna hiyo husafiri haraka kuliko maelezo yoyote. Wataalamu wa Marekani walipotoa ushauri mwaka 2022 walieleza kwamba vifo vya namna hiyo kwa watu wenye milango iliyoharibika vibaya huenda vingi si mzio wa penisilini, bali ni moyo uliochoka kushindwa kuhimili maumivu na mshtuko; kwa hao wakapendekeza vidonge badala ya sindano. Aliye na ugonjwa mwepesi hana sababu ya kukimbia. Aliye na ugonjwa mzito ana sababu ya kumuuliza daktari, na kuuliza huko kusihesabiwe kuwa ukaidi.

Subira ndilo neno linalotajwa mara nyingi zaidi kwa wagonjwa hawa, na ndilo linalotumiwa vibaya zaidi. Kuna jambo linalostahili subira: kovu likishakuwa kovu, hakuna dawa ya kulirudisha utando laini. Mgonjwa hupewa dawa za kupunguza maji mwilini, kuutuliza mwendo wa moyo, na wengine warfarini ili damu isigande na kuleta kiharusi. Hayo anayabeba, na kuyabeba kwa utulivu ni fadhila ya kweli, Biblia na Kurani zinakubaliana. Lakini benzathini kuisha kwenye duka la dawa la hospitali si kadari. Dawa hii ni ya zamani na ya bei nafuu, na kwa sababu hiyo hiyo viwanda vichache vimeitengeneza, hata nchi nyingi zikapungukiwa nayo katika miaka ya 2010. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitaka kila nchi mwanachama yenye ugonjwa huu iushughulikie. Kumwambia mama aliyesafiri kutoka kijijini akakuta dawa hakuna kwamba avute subira ni kuikosea subira yenyewe, maana unamtaka avumilie kosa ambalo mtu mwingine anaweza kulirekebisha kesho. Ayubu, anayetajwa kila mahali kuwa kielelezo cha uvumilivu, sehemu kubwa ya kitabu chake analalamika na kudai kusikilizwa.

Mahali ambapo subira, haki na maamuzi hugongana kwa nguvu zaidi ni kwenye upasuaji. Utafiti mkubwa uliochunguza wagonjwa zaidi ya 3,300, wengi wao kutoka nchi 12 za Afrika, ulikuta nusu yao hawajavuka miaka 28, karibu theluthi mbili wakiwa wanawake, na takriban 17 katika kila 100 walifariki ndani ya miaka miwili. Kwa mgonjwa wa Ulyankulu tiba ya mlango wa moyo iko hasa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa 2015 ndani ya Muhimbili, zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Tabora. Akifika huko na kukubaliwa, msichana wa miaka 20 anaweza kuambiwa achague. Mlango wa kimakanika hudumu, lakini unadai warfarini maisha yote na vipimo vya damu vya mara kwa mara, na warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Tena ujauzito wenyewe huubebesha moyo mzigo wa ziada. Mlango wa tishu za mnyama haudai warfarini kwa muda mrefu, lakini kwa kijana huchakaa mapema, na hapo upasuaji wa pili unamngoja. Mara nyingi tishu hizo ni za ng'ombe au nguruwe, jambo linalowafanya Waislamu na Wasabato waulize. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huziruhusu kwa dharura ya kuokoa maisha. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa mlango ni wa nini, na kumuuliza shehe wake kabla ya siku ya upasuaji, siyo baada yake.

Swali la watoto ni gumu zaidi ya la nguruwe, na hapa ukoo mara nyingi huamua badala ya mwenye moyo. Katika jamii ambayo mwanamke hupimwa kwa uzazi, mume na mama mkwe watataka mlango unaoruhusu mimba, au watataka mimba kabla ya mlango wowote. Dini zote mbili kubwa za Tabora hufundisha kwamba uhai alionao mtu ni amana aliyokabidhiwa yeye. Kutokana na fundisho hilo, neno la mwisho ni la msichana, baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, Kiswahili, Kirundi au Kinyamwezi, hatari za kila upande. Kiongozi wa dini anayelisema hilo waziwazi mbele ya ukoo humsaidia kuliko maombi yaliyofanywa akiwa hayupo.

Wapo pia ambao tiba ya mlango wao imechelewa, na moyo hauwezi tena kuhimili kisu. Hao hawajakosa imani wala hawajashindwa. Wanahitaji dawa za kupunguza maji zisikatike, mto wa kuinua kichwa usiku, chumvi kidogo kwenye chakula, mtu wa kuwaogesha, na nafasi ya kusema wanaogopa bila kujibiwa kwa mahubiri. Na kwa wale wanaoendelea kudungwa, swali la lini waache halijibiwi na nafuu wala na umri peke yake. Hujibiwa kwa kipimo cha eko, kwa hesabu ya miaka tangu mara ya mwisho homa iliporudi, na kwa kuangalia kama mgonjwa bado anaishi au kufanya kazi kati ya watoto wengi. Mwalimu wa shule ya msingi aliyefika 40 akiwa na mlango wenye kovu anaweza kushauriwa aendelee.